Kufuli ya "kwa muda" iliyodumu miaka 28

Mzazi anayelea watoto mjini hulijua vizuri swali hili. Shule zimefungwa, jua limeshapanda, na mtoto amesimama mlangoni akiuliza: "Mama, twende kucheza wapi?" Nyumba ni ya vyumba viwili, ngazi ni nyembamba, na nje matatu zinapita kwa fujo. Ukumbi wa mtaa upo, lakini mlango wake una kufuli kubwa. Kando ya kufuli hiyo pamebandikwa tangazo kwamba umefungwa kwa muda ili ufanyiwe ukarabati. Tangazo lenyewe limepauka kwa jua hata herufi hazisomeki.

Wengi wetu hudhani kwamba visa vya aina hii ni vya huku kwetu pekee, kwa kuwa sisi ni maskini. Sivyo. Hata jiji la New York, ambalo ni miongoni mwa majiji yenye fedha nyingi zaidi duniani, limewahi kufunga jengo la bustani ya umma na kuliacha lioze mbele ya macho ya wenyeji kwa miaka 28. Watoto waliokuwa wakiogelea hapo siku ya mwisho walikua, wakaoa na kuolewa, wakapata watoto wao, na mlango ulikuwa bado haujafunguliwa.

Kisa hicho kinafaa kusimuliwa, kwa sababu ndani yake mna mambo ambayo kila mwenyeji wa mtaa anapaswa kuyafahamu kabla kufuli haijatiwa kwenye mlango wa ukumbi wake.

Zawadi ya wakati wa dhiki

Twende Brooklyn, upande wa kaskazini, mahali ambapo mitaa ya Greenpoint na Williamsburg hupakana. Hapo kuna bustani ya umma iitwayo McCarren Park. Katika miaka ya 1930 wakazi wengi wa sehemu hiyo walikuwa wafanyakazi wa viwandani na familia zao. Nyumba zao zilikuwa za kubanana, na wakati wa kiangazi joto ndani halikuvumilika.

Hiyo ilikuwa miaka ya mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929. Mamilioni ya Wamarekani hawakuwa na kazi. Mwaka 1935 serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliunda shirika lililojulikana kwa herufi WPA, ambalo jukumu lake lilikuwa kuwapa watu hao kazi za kujenga barabara, shule, madaraja na bustani. New York, chini ya Meya Fiorello La Guardia na mkuu wa bustani Robert Moses, ilinyakua nafasi hiyo mapema. Katika kiangazi cha mwaka 1936 pekee jiji lilifungua mabwawa makubwa 11 ya kuogelea katika mitaa mbalimbali.

Bwawa la McCarren lilifunguliwa Julai 31, 1936. Lingeweza kupokea watu 6,800 kwa wakati mmoja. Mbele yake lilijengwa jengo kubwa la matofali, lenye matao marefu langoni, ambamo waogeleaji walibadilisha nguo na kuoga kabla ya kuingia majini. Jengo hilo halikufanywa la ovyoovyo eti kwa kuwa watumiaji wake ni wafanyakazi wa viwanda. Lilisimama kwa fahari kama jumba la mfalme, na mtoto wa mfua vyuma aliingia humo kifua mbele.

Hebu msomaji azingatie jambo hili. Bwawa lilijengwa nchi ikiwa katika shida kubwa ya fedha kuliko wakati mwingine wowote wa karne hiyo. Lilikuja kufungwa nchi hiyohiyo ikiwa tajiri zaidi. Basi umaskini peke yake hauwezi kulaumiwa.

Jiji lakaribia kufilisika

Kufikia mwaka 1975 New York ilikuwa taabani. Viwanda vilikuwa vikihama au kufungwa, na familia nyingi za kipato cha wastani zilikuwa zimehamia vitongoji vya nje ya jiji zikiondoka na kodi zao. Kati ya mwaka 1970 na 1980 idadi ya wakazi ilishuka kutoka karibu milioni 7.9 hadi takriban milioni 7.1. Kwa miaka mingi viongozi walikuwa wameziba pengo la bajeti kwa kukopa. Walikopa ili kulipa mishahara, kisha wakakopa tena ili kulipa mkopo wa jana. Mwaka huo wa 1975 mabenki yakakataa.

Mpiga panga alianza kazi yake. Julai 1, 1975, siku ya kwanza ya mwaka mpya wa fedha, askari polisi wapatao 5,000 walijikuta hawana kazi. Wazimamoto na wazoa taka nao waliachishwa kwa wingi. Wazoa taka waliobaki wakagoma, na taka zikarundikana barabarani katika joto la Julai. Septemba nauli ya treni za chini ya ardhi ilipanda kutoka senti 35 hadi 50. Mwaka 1976 wanafunzi wa chuo kikuu cha jiji walianza kutozwa karo, ilhali elimu hiyo ilikuwa imetolewa bure tangu mwaka 1847. Maktaba za mitaa zikapunguza saa za kufungua.

Na bustani? Hapa ndipo penye somo kubwa. Bajeti ikikatwa, kila idara hupiga kelele kadiri ya nguvu zake. Polisi wana chama chao. Walimu wana chama chao. Wenye kulidai jiji wana mawakili. Lakini bomba linalovuja halina chama. Paa lenye ufa haligomi wala haliandamani. Kwa sababu hiyo fedha za matengenezo aghalabu huwa za kwanza kukatwa, tena kimyakimya, kwa kuwa athari yake haionekani mwaka huo wala mwaka unaofuata. Mtu aliyekata anasifiwa kwa kubana matumizi. Miaka minane baadaye jengo linaanza kuanguka, naye ameshaondoka ofisini zamani.

Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahasibu wa New York walikuja kuusadiki msemo huo kwa gharama kubwa.

Wenyeji walalao kituoni

Si kila mahali watu walinyamaza. Mwendo wa miguu tu kutoka McCarren Park kulikuwa na kituo kidogo cha zimamoto, makao ya kikosi nambari 212. Novemba 1975 jiji lilitangaza kwamba kikosi hicho kingeondolewa ili kuokoa fedha. Mtaa ule ulikuwa na nyumba nyingi za mbao zilizoshikana na viwanda vya zamani. Wenyeji walijua kuwa moto ukizuka, dakika chache za kungoja gari kutoka mbali zingeweza kuteketeza safu nzima ya nyumba.

Walifika kituoni kwa wingi, wake kwa waume, wakalizuia gari la zimamoto lisiondoke. Kisha wakahamia humo. Walilala kituoni kwa zamu, wakapika humo, wakafanyia mikutano humo. Kina mama waliokuwa hawajawahi kuhutubia hata mkutano wa shule walijifunza kusimama mbele ya maofisa na kuwauliza maswali ya takwimu. Waliendelea hivyo kwa takriban miezi 16, hadi mwaka 1977 jiji liliporegeza msimamo na huduma ikarudishwa. Kituo hicho kikaja kujulikana kama kituo cha zimamoto cha wananchi.

Ingependeza kumalizia hadithi hapo, lakini ukweli haumalizii hapo. Mwaka 2003, jiji likiwa tena na upungufu wa fedha baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Meya Michael Bloomberg alifunga vikosi sita vya zimamoto, na nambari 212 kilikuwa kimojawapo. Safari hii hakikurudi. Ushindi wa huduma za mtaa si kama cheti cha ndoa unachokitia sandukuni ukalala. Kila bajeti mpya huleta vita vyake.

Mlango wafungwa

Turudi kwenye bwawa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 mabomba ya McCarren yalikuwa yamechakaa na saruji ilikuwa ikimomonyoka. Mabwawa mengine ya mwaka 1936 yalianza kukarabatiwa moja baada ya jingine. Zamu ya McCarren ilipofika, jambo la ajabu likatokea: baadhi ya wenyeji wenyewe waliwazuia mafundi.

Kwa nini? Wengine walisema bwawa ni kubwa mno, libomolewe lijengwe dogo. Wengine walilalamikia wizi na ugomvi wa vijana. Lakini chini ya maneno hayo palikuwa na jambo ambalo watu hawakupenda kulitaja kwa sauti. Mitaa ile ilikuwa na Wamarekani wenye asili ya Poland na Italia, na jirani nao Wapuerto Rico na weusi. Baadhi ya majirani hawakutaka watoto wa "wale" waje kuogelea pamoja na wa kwao. Wengine walitaka bwawa lirudi kama lilivyokuwa, watoto wa wote waingie. Vikao vikaitishwa, vikavunjika. Jiji, ambalo halikuwa na haraka ya kutumia fedha, likapata kisingizio kizuri: ninyi kubalianeni kwanza.

Bwawa likafungwa mwaka 1984.

Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Hapa nyasi zilikuwa watoto. Wakubwa walizozana mwaka wa kwanza, wa pili, wa kumi. Magugu yakaota ndani ya bwawa kavu. Kuta za jengo la matao zikajaa michoro ya rangi, na milango na madirisha yakaharibiwa. Kiangazi kilipofika, mtoto wa Greenpoint alipita kando ya uzio akichungulia mahali ambapo babake aliwahi kujifunza kuogelea.

Ngoma ndani ya bwawa kavu

Mwaka 2005 msanii wa densi, Noémie Lafrance, alilitazama shimo lile kubwa la saruji akaona kitu ambacho wengine hawakukiona. Aliona jukwaa. Pakasafishwa, fedha zikachangwa za kulitia jengo nguvu ili lisidhuru watu, na Septemba mwaka huo wachezaji wake wakacheza ndani ya bwawa lisilo na maji, watazamaji wakiwa wameketi kandokando.

Tangu hapo hadi mwaka 2008 bwawa kavu likawa uwanja wa tamasha za muziki na filamu za usiku. Jumapili za kiangazi maelfu ya vijana walifurika humo kusikiliza bendi bila kiingilio. Mwaka 2007 tume ya jiji inayohifadhi majengo ya kihistoria ikaliweka bwawa na jengo lake katika orodha ya yasiyoruhusiwa kubomolewa.

Lakini palizuka swali. Walipokuwa wakitoza viingilio kwa baadhi ya tamasha, wenyeji wa zamani waliuliza: bustani ya umma imekuwa ya nani? Swali hilo lilikuwa na msingi. Matumizi mapya ya jengo la zamani ni jambo jema, na mara nyingi ndiyo njia pekee ya kuliokoa. Jengo linalotembelewa na watu haliozi upesi kama lililofungwa. Hata hivyo, matumizi hayo hayapaswi kumfungia nje yule ambaye jengo lilijengwa kwa ajili yake. Tamasha zilifaa kwa kuwa ziliwakumbusha wakuu wa jiji kwamba mahali pale pangali hai. Zingekuwa hasara kama zingekuwa mwisho wa safari.

Maji yarudi

Mwaka huohuo wa 2007, Meya Bloomberg alitangaza kwamba jiji lingetumia dola milioni 50 kulifufua bwawa. Juni 28, 2012, miaka 28 baada ya kufungwa, maji yalijaa tena na watoto wakajirusha ndani wakipiga mayowe ya furaha. Bwawa jipya ni dogo kuliko la awali, na hupokea waogeleaji 1,500. Jengo la matao likageuzwa kituo cha michezo na mazoezi kinachofanya kazi mwaka mzima, hata wakati wa baridi. Kuingia bwawani ni bure.

Je, mambo yote yakawa shwari? La. Siku za mwanzo kulizuka ugomvi na polisi wakaitwa. Wale waliopinga bwawa tangu zamani wakasema, "Si tuliwaambia?" Lakini jiji halikufunga tena. Liliongeza ulinzi na kuendelea, na watoto wakaendelea kuogelea.

Pana uchungu mwingine katika furaha hiyo. Mwaka 2005 jiji lilikuwa limebadilisha kanuni za ujenzi za Greenpoint na Williamsburg, na maghorofa ya fahari yakaanza kuota ukingoni mwa mto. Kodi za nyumba zikapaa. Familia nyingi za wafanyakazi zilizovumilia miaka ya magugu na kufuli zilikuwa zimekwisha kuhama maji yalipofika. Ndiyo maana huduma ikicheleweshwa mno, hata ikija, huenda ikamkuta mtu mwingine mlangoni.

Nyumba ya maziwa

Kabla hatujarudi nyumbani, tupite kidogo katika bustani maarufu zaidi ya jiji hilo, Central Park. Humo mna kijumba cha mawe kiitwacho Dairy, kilichojengwa mapema miaka ya 1870. Wakati huo maziwa ya mjini yalikuwa hatari kwa watoto, kwani ng'ombe wengi walilishwa machicha ya viwanda vya pombe, na watoto wachanga walikufa kwa wingi. Kijumba kilikusudiwa kuwa mahali ambapo mama angempatia mwanawe maziwa safi.

Baadaye, kufikia katikati ya karne ya 20, kilikuwa kimekuwa ghala la vifaa tu. Lakini mwaka 1979 kilifunguliwa tena, safari hii kikiwa kituo cha kuwapokea na kuwapa wageni habari za bustani. Mwaka uliofuata, 1980, likaundwa shirika la wahisani la kuitunza bustani hiyo kwa ushirikiano na jiji. Mwaka 2012 tajiri mmoja alilipa shirika hilo ahadi ya dola milioni 100.

Tazama tofauti. Central Park imezungukwa na makao ya matajiri, na kijumba chake kilifufuliwa miaka minne tu baada ya jiji kukaribia kufilisika. McCarren ilikuwa ya wafanyakazi, nayo ikasubiri hadi mwaka 2012. Wahisani ni watu wa kushukuriwa, lakini mhisani hupenda kupanda maua karibu na dirisha lake. Mtaa usio na tajiri dirishani hauna budi kutegemea bajeti ya umma, na bajeti ya umma humsikia anayesema.

Na sisi je?

Huku kwetu hatuanzi na ubao mtupu. Mwaka 1989 marehemu Profesa Wangari Maathai alisimama kidete kupinga jumba la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park. Alitukanwa, akadhihakiwa, lakini jumba halikujengwa. Kizazi kizima cha watoto wa Nairobi kimepanda mashua katika bustani ile kwa sababu mtu mmoja alikataa kunyamaza.

Halikadhalika, tuna mfano wa kufufua majengo ya mitaa. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 na ambayo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusomea humo, ina matawi mawili katika mitaa ya Eastlands, Kaloleni na Makadara. Matawi hayo yalikuwa yamechakaa. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na wanawake wawili wapenda vitabu, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilishirikiana na serikali ya kaunti kuyakarabati, likiwauliza wenyeji wanataka nini. Rafu zilipangwa upya, na watoto wa mitaa hiyo wakapata mahali pa kusomea palipo na mwanga na meza.

Kwa hivyo mzazi, na wewe mwanafunzi unayetafuta mahali pa kudurusu, usiliangalie jengo lenye kufuli kama kwamba ni mapenzi ya Mungu. Uliza maswali manne. Kwanza, hati ya kiwanja iko kwa nani? Jengo lililosahauliwa ndilo linyakuliwalo. Pili, ni pesa ngapi zimetengwa mwaka huu kwa matengenezo, mbali na mishahara? Tatu, likifungwa, litafunguliwa tarehe gani, na nani atawajibika tarehe hiyo ikipita? Nne, likipewa kazi mpya, je, mtoto asiye na shilingi mfukoni ataingia?

Maswali hayo yana mahali pa kuulizwa. Katiba ya mwaka 2010 na sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 zinataka wananchi washirikishwe katika bajeti ya kaunti. Makadirio hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Anayengoja hadi Agosti, watoto wakiwa nyumbani kwa likizo, huwa amechelewa. Vikao hivyo mara nyingi huhudhuriwa na watu wachache, nao wachache hao ndio husikika.

Wala tusifanye kosa la majirani wa McCarren, la kugombana juu ya watoto wa nani waingie hadi watoto wote wakafungiwa nje. Afadhali ukumbi wenye kelele na ugomvi mdogo unaotatuliwa kuliko ukumbi mtulivu wenye magugu.

Siku nyingine mtoto atakapokuuliza, "Twende kucheza wapi?" mshike mkono mwende pamoja hadi kwenye ule mlango wenye kufuli. Lisomeni tangazo, kama bado linasomeka. Andika tarehe iliyo juu yake. Kisha uende nayo kwa mwakilishi wa wadi yako, umwulize "kwa muda" maana yake ni miaka mingapi.